Mayai Kwenye Sahani Kavu

Ngojeni nianze na mnyoo, maana bila huyu mnyoo hakuna ambaye angemfanyia mwenzake kitu.

Ni mnyoo bapa, yule wa kichocho, anayeishi ndani ya mishipa ya damu. Dume limejikunja kama jani lililokauka, na katikati ya huo mkunjo ndimo jike linapokaa. Limelala humo maisha yake yote, halitoki, kazi yake kutaga tu, mayai kwa mamia, kutwa kucha. Sasa kutaga kunataka nguvu, na nguvu inataka mafuta, na hapa ndipo nilipobaki mdomo wazi siku dada yangu aliponieleza: huyu mdudu hawezi kujitengenezea mafuta! Hata tone! Mimi na wewe tukila wanga, mwili unajipikia mafuta wenyewe bila kuombwa, kila mtu na kiuno chake ni shahidi. Yeye hawezi. Kila asidi ya mafuta aliyonayo mwilini ameichota kwa anayemlea.

Na anavyoichota, jamani. Mafuta hayawezi kusafiri kwenye damu peke yake, yanabebwa na protini moja inaitwa albumini, kama gunia mgongoni mwa mchukuzi. Mnyoo amejibanza hapo njiani. Anampokonya mchukuzi gunia, analipitisha kwenye ngozi yake, na ndani anao wachukuzi wake mwenyewe wanaolipokea na kulipeleka linapotakiwa. Mafuta mengine anajengea ngozi ya kujifichia, ili mwili usimshtukie. Mengine anayachoma, na hayo ndiyo yanayotoa mayai. Mnyime mafuta, mayai yanakoma. Kwenye kazi ya kumchunguza mdudu huyu hilo halibishaniwi.

Dada alikuwa anafanya kazi ile. Maabara yao ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kimoja kirefu, madirisha hayafunguki, jokofu linakohoa kama mzee. Walikuwa wawili humo: Dada na wifi yake, yaani dada wa mume wake. Wanaitana wifi wote wawili, lakini humu nikisema Wifi, namaanisha yule. Na si kazini tu. Nyumbani pia walikuwa pamoja, maana Wifi alikuwa anakaa kwa kaka yake, chumba cha mbele, chenye dirisha zuri. Asubuhi wanapanda ngazi pamoja, jioni wanakula meza moja. Dada hakuwa na pa kupumulia.

Wifi ndiye aliyemwingizia Dada hiyo kazi, na hakuruhusu mtu asahau. Chumvi ikizidi: "Ndiyo shukrani ya kukuingiza kazini?" Dada akichelewa bafuni: "Nimekuingiza kazini, sasa unataka nikuingize na bafuni?" Hata mgeni akija kunywa maji tu, kabla glasi haijafika mdomoni ameshaambiwa nani alimwingiza nani.

Kazi waligawana hivi. Dada alikuwa wa minyoo, Wifi alikuwa wa supu. Supu ndivyo walivyoiita, yale maji ya damu wanayowalishia minyoo kwenye visahani. Kupata minyoo ilibidi panya auawe. Panya wa maabara, weupe, macho mekundu, wameambukizwa wiki kadhaa nyuma. Dada anamlaza kwa dawa, anampasua, anasukuma maji kwenye mishipa mpaka minyoo inatoka imeshikana miwili miwili. Wifi alipenda kusimama nyuma yake wakati huo.

"Huyu ni wewe, wifi," anasema, akionyesha panya. "Ona alivyokonda. Mbavu zote hadharani."

"Mwache afe kwa amani."

"Nani, yeye au wewe?"

Na kweli Dada alikuwa amekonda, tena amepauka. Chumba kile kilikuwa na sheria: hakuna kujipaka mafuta, wala losheni, wala mafuta ya nywele. Tone likiingia kwenye sahani isiyotakiwa kuwa na mafuta, kazi yote imeharibika. Dada aliifuata sheria mpaka viganja vikapasuka kama udongo wa kiangazi. Chupa yake ya mafuta ya kupaka ilikaa kabatini imejaa hadi shingoni. Wifi alijipaka kila asubuhi, anang'aa kama chungu kipya, akifika anavaa glovu. "Glovu ziliumbwa za nini?" anauliza. Kisha anamwangalia Dada miguuni: "Wifi, hiyo miguu ukikwaruza ukutani unaandika."

Mkubwa wao walimwita Mkasi. Alikuwa profesa, mwembamba, safi, na hakumwacha mtu amalize sentensi. Akishaelewa nusu, anakata. Siku moja akawaita wote wawili, na huku anaongea alishika pindo la koti la Dada akafutia miwani yake. Hakuomba. Akamaliza, akaliachia.

"Mwakani nitabaki na mmoja wenu."

"Profesa, lakini sisi..." Dada alianza.

"Mmoja. Atakayeniletea kitu kipya, anabaki. Sitaki kusikia undugu wenu, mimi sikuwaoanisha."

Wakatoka. Kwenye ngazi Wifi alikuwa anacheka.

"Nikibaki mimi, wifi, usiogope. Hutakosa kazi. Utakuwa unanifulia makoti."

Dada alidhani ni utani. Jioni ile ile Wifi akaurudia mbele ya kaka yake, na huyo kaka, shemeji yangu, fundi majokofu, mtu ambaye anaweza kulifanya jokofu la kizamani ligandishe lakini hawezi kuwaambia watu wawili kaeni kimya, akasema neno analolisema siku zote: "Mimi simo."

"Kwani nikibaki nyumbani ndio nitamfulia?" Dada alimuuliza mumewe chumbani.

"Si utakuwa upo tu."

Upo tu. Hapo ndipo Dada alipoelewa. Hakuwa anaogopa kukosa kazi, alikuwa anaogopa kubaki ndani ya ile nyumba mchana kutwa, Wifi ndiye mwenye kazi na yeye ndiye yupo tu. Aliniambia haya kwa ujumbe wa sauti. Mwishoni akasema, "Nitakufa, mdogo wangu. Nitakufa nikiwa na ndoo mkononi."

Sasa kwenye meza ya Dada palikuwa na visahani vingi, kila kimoja na supu yenye mafuta ya aina yake, wanaangalia mafuta gani yanaleta mayai mengi. Na palikuwa na sahani moja ya kulinganishia, yenye supu iliyonyonywa mafuta yote. Waliiita sahani kavu. Kwenye sahani kavu minyoo walitakiwa wakae siku chache, wafifie, jike liache kutaga. Ndiyo maana yake. Ni kama ushahidi kwamba mafuta ndiyo yanayotaga.

Asubuhi moja Dada akainamia hadubini, akaangalia sahani kavu, na kulikuwa na mayai.

Si moja. Yamelala chini ya sahani kama punje za mchele, kila moja na kimwiba chake ubavuni. Akapangusa lenzi. Yapo. Akabadilisha minyoo. Siku zilizofuata, yapo tena, mengi kuliko ya kwanza. Mambo ni mawili: ama amegundua kitu ambacho dunia nzima haikijui, mnyoo anayejitengenezea mafuta, ama kuna uchafu mahali.

Bahati mbaya yake, au nzuri, sijui, Dada si mtu wa kujidanganya. Akaanza kutafuta uchafu. Cha kwanza akamfikiria Wifi na mafuta yake ya kupaka. Akaosha vyombo vyote kwa spiriti mpaka ngozi ya vidole ikamtoka. Mayai. Akahamia meza ya dirishani ambako Wifi hafiki. Mayai. Ikabaki supu yenyewe.

Supu ya sahani kavu inatengenezwa hivi, nisikilizeni vizuri maana hapa ndipo mtu alipoumia. Unachukua maji ya damu, unatia mkaa wa unga, mkaa unanyonya mafuta. Lakini mkaa peke yake hauwezi. Albumini imeyakumbatia yale mafuta kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake sokoni. Lazima kwanza utie tindikali, supu iwe chachu, albumini ilegee iachie mzigo. Ndipo mkaa unanyakua. Halafu uchachu unautoa tena, unachuja, umekwisha. Ni kazi ya kutwa, unakoroga ndani ya baridi, na ile tindikali inapalia kooni. Bila tindikali mkaa utachukua rangi na takataka tu. Supu itatoka safi, inang'aa, na mafuta yote yamo ndani yametulia.

Dada akafungua kabati la dawa. Chupa ya tindikali ilikuwepo, imeandikwa jina la chumba chao. Kizibo kilikuwa bado na ile plastiki ya kiwandani. Haijapasuliwa. Juu yake vumbi limekaa kama kofia.

Alisimama pale na kabati wazi. Ina maana tangu chupa ile ifike, Wifi hajatia tindikali hata mara moja.

Kuhakikisha, akaenda chumba cha jirani, kwa watu wa mbu, akaomba tindikali kidogo, akatengeneza supu yake ndogo kwa njia inayotakiwa. Akatia minyoo. Siku ya kwanza wakajinyonganyonga. Kisha wakalegea, dume likamwachia jike, jike likatoka kwenye mkunjo likalala peke yake chini ya sahani, jembamba, halina yai hata moja. Dada aliniambia alilitazama muda mrefu. Sikumuuliza kwa nini.

Kwa hiyo hakuna ugunduzi. Kuna uvivu tu. Na mpaka hapo, naapa, Dada alikuwa anakwenda kumwambia. Aliondoka kazini na maneno yake kichwani, ameshayapanga: wifi, kaa nikuambie, kuna kosa, turekebishe kabla Mkasi hajajua, nitasema tumelikuta wote. Hivyo hasa. Alinirudia neno kwa neno.

Akafika nyumbani. Shemeji yuko mezani anakula. Wifi ameegemea kiti, miguu juu ya stuli.

"Wifi," Dada akasema, "kuna kitu nataka..."

Koti likampiga usoni. Koti jeupe la Wifi, la kazini, limelowa jasho na damu kidogo ya panya kwenye mkono.

"Anza mazoezi," Wifi akasema. "Kola usugue kwa mkono, mashine inaniharibia."

Shemeji akacheka. Si sana, ni ile ya puani, lakini alicheka. Kisha akaona mke wake hacheki, akarudi kwenye sahani yake. "Mimi simo," akasema, na mdomo umejaa.

Dada akalitoa koti usoni. Akalikunja.

"Ulikuwa unataka kusema nini?" Wifi akauliza.

"Nimesahau."

Akaenda uani, akalifua. Kola akaisugua kwa mkono.

Kesho yake akaiweka sahani kavu chini ya hadubini, ile yenye supu ya Wifi. Akarekebisha lenzi mpaka mayai yakaonekana kama yanakuja kukugusa jicho. Taa akaiacha inawaka. Kisha akaenda kwenye sinki kuosha vitu ambavyo vilikuwa safi tayari, na akakipa chumba mgongo. Hakuhitaji kufanya zaidi. Wifi alikuwa mtu wa kuchungulia. Simu ya mwenzake ikilia yeye ndiye wa kwanza kusoma.

"Wifi! Hii sahani gani?"

"Ipi?"

"Hii hapa, yenye mayai."

"Ah, hiyo. Ni kavu. Nafikiri nimekosea mahali, naimwaga sasa hivi."

"Umekosea nini?"

"Sijui. Supu ni yako, mafuta hamna. Na bado wanataga. Si inawezekana? Naimwaga."

"Usimwage!"

Dada akageuka, mikono inachuruzika maji. Wifi amesimama kati yake na hadubini, mikono ameitanua kama mtu anayezuia kuku.

"Usiguse. Nenda... nenda kawape panya maji."

"Wameshapewa."

"Waongeze!"

Hapa mtaniuliza: Wifi mwenyewe si alijua kwamba hatii tindikali? Alijua. Ila hakujua kwamba ina maana. Kwake tindikali ilikuwa mbwembwe za vitabu. Aliona mkaa unaingia, supu inatoka nyeupe safi, sasa hiyo nyingine ya nini, ya kumkohoza tu? Mtu akishazoea kuruka kipande cha kazi na hakuna kilichomuuma, anaona kile kipande ndicho kilichokuwa kijinga. Kwa hiyo aliamini kabisa. Aliona mbele yake mnyoo anayejipikia mafuta, na yeye ndiye mwenye supu.

Kabla ya saa ya chakula alikuwa ofisini kwa Mkasi.

Mkasi akashuka mwenyewe kuangalia. Aliinama, akanyooka, akainama tena, na kwa mara ya kwanza watu wakamsikia akianza sentensi asiimalize. "Hii ikiwa kweli..." Kisha akamgeukia Wifi: "Ni yako?"

"Supu ni yangu, wazo ni langu," Wifi akasema. "Yeye alitaka kumwaga."

"Ulitaka kumwaga?" Mkasi akamuuliza Dada.

"Ndiyo, Profesa."

"Una macho ya nini?"

Dada akainamisha kichwa. Wifi akatabasamu mpaka jino la mwisho.

Nyumbani ikawa sherehe kila jioni. Wifi hafuniki sufuria, hashiki ufagio, mtu wa ugunduzi huyo. Anamwita Dada kwa kidole. Makoti yakawa mawili, kisha na mashuka. "Usijali, wifi, nitamwambia Mkasi akupe cheti cha kusugua." Shemeji akaanza kumwita dada yake Daktari. Na Dada anafua. Nilimpigia video nikamkuta ana povu hadi kwenye viwiko, anatabasamu. Lile tabasamu sikulipenda, nikamwambia dada, mwambie tu yule mtu, bado kuna nafasi. Akasema, "Mtandao unasumbua," akakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Mkasi akamwita mgeni. Bibi mmoja mfupi, nywele nyeupe, mtu ambaye hawa minyoo alishawashughulikia tangu Mkasi anavaa kaptula. Neno lake moja lingeweza kuipa maabara uhai au kuizika. Alikuja na mkoba wa kitambaa na viatu vya kutembelea. Wakakaa kwenye chumba kidogo cha mkutano, viti vya plastiki, feni inazunguka pole pole. Mkasi mbele, tai mpya. Wifi amevaa koti jeupe lililofuliwa na Dada, limenyooka kama karatasi. Dada kakaa kiti cha mlangoni, mkoba wake magotini.

Wifi akaongea. Aliongea vizuri, tusimnyime. Akaonyesha picha za mayai ukutani, akasema mnyoo huyu tumemdharau, kumbe anacho kiwanda chake. Mkasi anaitikia kwa kichwa kila neno kama yeye ndiye aliyemfundisha kusema.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Akasema taratibu, "Inapendeza. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu hawezi. Supu mliinyonya mafuta vipi?"

"Kwa mkaa," Wifi akasema.

"Mkaa."

"Ndiyo."

"Mkaa peke yake?"

Feni ikazunguka. Mkasi akamtazama Wifi, na Wifi akaona kwenye uso wa Mkasi kwamba kuna jibu moja tu linalotakiwa.

"Na tindikali," Wifi akasema. "Bila shaka. Natia tindikali kila mara."

"Unatumia ile ya chumba chenu?"

"Ile ile. Ya kabatini."

Angeweza Dada kuinua mkono wakati bibi anauliza mkaa peke yake. Hapo Wifi angeonekana mzembe, basi, aibu ya siku moja. Dada alisubiri aseme uongo kwanza. Alisubiri mpaka uongo ukatoka mzima, na "kila mara" yake. Ndipo akafungua mkoba, akatoa chupa, akaiweka mezani mbele ya bibi. Hata vumbi hakulifuta.

Bibi akavaa miwani. Akaisogeza chupa karibu, akapitisha ukucha kwenye ile plastiki ya kizibo, akaizungusha yote.

"Hii haijawahi kufunguliwa," akasema.

Wifi akafungua mdomo. "Kulikuwa na... nyingine..."

"Hakukuwa na nyingine," Dada akasema.

"Wifi." Sauti yake Wifi ilikuwa ndogo, kama ya mtu mwingine kabisa. "Wifi, waambie. Kulikuwa na nyingine. Si unakumbuka?"

"Sikumbuki, wifi. Labda nilikuwa nafua."

Jamani. Bibi alikohoa, na sijui kama kilikuwa kikohozi. Mkasi amekuwa rangi ya majivu. Akamgeukia Dada.

"Ulijua lini?"

"Kabla hajaja ofisini kwako."

"Ukaniacha nimwite..."

"Ulisema hutaki kusikia undugu wetu."

Mkasi akafanya kitu ambacho hakuna aliyetegemea: akacheka, fupi, chak, kama mkasi kweli. Akamnyooshea Wifi kidole.

"Toka."

Wifi akaanza kukusanya karatasi.

"Acha karatasi. Acha na koti."

"Profesa, ndani nimevaa..."

"Koti."

Akalivua mbele yao. Ndani alikuwa na fulana ya zamani ya kaka yake, imetoboka kwapani, maana nani anaangalia ndani ya koti? Akapita na ile fulana mbele ya bibi, mbele ya Dada, mikono ameibana mbavuni kuficha tundu. Mlango ukajifunga wenyewe polepole, ukachukua muda wake.

Bibi akaweka miwani kwenye mkoba. Akamwambia Dada, "Ungeweza kumwambia mapema."

"Nilikwenda kumwambia."

"Na?"

Angesema nini, kwamba alipigwa na koti?

"Una mikono mizuri ya kazi," bibi akasema, akiiangalia ile mikono iliyopasuka. "Hata mimi ningekuchukua. Ila kukaa nawe nyumba moja, hapana."

Kazi Dada akaipata. Mkasi alimpa siku ile ile, tena akaanza kumwacha amalize sentensi.

Sasa mnadhani alirudi nyumbani akakuta nini? Kilio? Matusi? Alikuwa amejiandaa kwa vyote, alikuwa na majibu yamepangwa tangu kwenye ngazi. Akakuta Wifi ameoga, ametulia, amekaa kwenye kiti chake. Shemeji ndiye aliyesimama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake shemeji alikuwamo.

"Dada yangu haendi popote," akasema.

"Sijasema aende."

"Kazi umemnyang'anya wewe."

"Mimi? Mimi ndiye niliyemwambia asitie..."

"Ulijua ukanyamaza. Amenieleza yote. Ulimwona anakwenda shimoni ukamfulia na nguo ya kwendea. Basi utamlisha. Atakula hapa, atalala hapa, atavaa hapa, na hutasema neno. Ukisema neno, wewe ndiye utakayetoka."

Dada akamwangalia Wifi. Wifi akamwangalia Dada, kwa upole kabisa.

"Karibu, wifi," akasema. "Umechoka. Kaa kidogo kabla hujapika."

Na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Hakuna ugomvi. Mngetegemea ugomvi, lakini Wifi hagombani tena, hana haja. Hajarusha koti tena, wala kutaja nani alimwingiza nani. Anaamka Dada akiwa ameshatoka. Analala mchana, chumba chenye dirisha. Ile chupa ya mafuta ya kupaka ya Dada iliyokuwa imejaa hadi shingoni ameimaliza, ikanunuliwa nyingine, nayo iko nusu. Amenenepa, amelainika, shingo imepata mikunjo. Majirani wanasema, wifi yako anapendeza, unamtunza. Dada anasema asanteni.

Yeye sasa anafanya kazi za wawili, minyoo na supu. Tindikali imempa kikohozi. Sahani kavu ni kavu kweli, na kila wiki anawaangalia majike wakitoka kwenye mkunjo na kulala chini peke yao. Nilimwambia aache, aondoke, aje kwangu. Akaniuliza, kazi niiache nimwachie nani? Maana akiiacha, atabaki nyumbani. Pamoja naye. Atakuwa yupo tu.

Juzi nilikwenda kuwatembelea. Dada aliingia jioni na koti lake mkononi, hakukaa, akapika, akapakua, akampa mumewe, akanipa mimi, akampa Wifi. Yake ilikuwa ile iliyobaki kwenye sufuria, na alikuwa anaila amesimama, anakohoa kwenye kiwiko. Wifi alikuwa anajipaka miguu, taratibu, kidole kwa kidole. Akapangusa mikono, akamaliza kula kabla yetu, akaunyoosha mkono wenye sahani bila hata kuinua macho.

"Niongeze kidogo, wifi," akasema. "Nichotee ya juu hapo, yenye mafuta."

Dada akachota.